Alama 21 Zina Thamani Gani?

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, mwanafunzi wa sekondari akipata alama 15 kwenye mtihani wa ACT, serikali ya jimbo inamwandikia dola 36 kwa kila mwaka atakaosoma chuo. Akipata 16, zinakuwa dola 71. Akipata 21, ni 250. Kilele ni alama 28, zenye thamani ya dola 500. Anayepita hapo, hata akifikisha 36 ambazo ndizo za juu kabisa, jimbo halimwongezei kitu. Mfuko huu unaitwa KEES. Ulianzishwa mwaka 1998, na fedha zake zinatoka kwenye bahati nasibu ya jimbo, zile tiketi zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta. Jedwali lake liko wazi, na mtu yeyote anaweza kulisoma.

Wazazi wengi wa hapa Lexington hawajawahi kuliona. Ninaposema wazazi, nawasemea watu wangu: familia zilizotoka Fizi, Uvira na Bukavu huko Kongo, zikapita kambini Tanzania, Burundi au Uganda, na sasa zinalea watoto kwa Kiswahili katikati ya mashamba ya farasi ya Kentucky. Mimi mwenyewe nilifundisha hesabu katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Siku hizi nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na Jumamosi nakaa na wanafunzi wa sekondari katika ukumbi wa kanisa letu, tukifanya hesabu na kujaza fomu. Watu bado wananiita Mwalimu, na ndiyo sababu maswali ya skolashipu huishia kwangu.

Swali kubwa huja kwa namna moja. Mzazi anakaa, anashusha pumzi, anasema: "Mwalimu, mtoto wangu si wa kwanza darasani. Skolashipu ni ya wale wa kwanza." Au anasema kwamba Mungu akipenda, mtoto atapata. Mimi pia namwomba Mungu. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizi imekwisha kuandikwa kwenye jedwali kabla mtoto hajashika kalamu, na mtoto wa katikati ya darasa ana mstari wake humo.

Nichukue mfano wa mpwa wangu, kwa kuwa hesabu yake naijua. Kentucky hutazama kwanza GPA, yaani wastani wa maksi za mwaka, unaopimwa hadi 4.0. Kuanzia darasa la tisa, kila mwaka ambao mwanafunzi anapata 2.5 au zaidi unamwekea fedha: 2.5 ni dola 125, 3.0 ni dola 250, 4.0 ni dola 500. Mpwa wangu alifika darasa la tisa na Kiingereza cha kubabaisha, akapata 3.1. Mwaka uliofuata 3.4, kisha 3.6, akamaliza na 3.8. Kwenye jedwali hizo ni dola 275, 350, 400 na 450. Jumla 1,475. Kwenye ACT alipata 21, mahali ambapo wastani wa nchi nzima kwa waliomaliza mwaka 2024 ulikuwa 19.4. Alama hizo zikamwongezea 250. Basi ana dola 1,725 kwa mwaka, ambazo kwa miaka minne ya chuo ni 6,900.

Hapo ndipo nawaomba wazazi watulie na karatasi. Kama binti huyu angekesha miezi mingi apandishe ACT kutoka 21 hadi 24, KEES ingemwongezea dola 107 kwa mwaka. Kama angeshika 3.8 tangu darasa la tisa, ingemwongezea 325. Kwa mfuko huu, kazi ya kila siku ya darasani inalipa mara tatu ya mtihani. Familia inayosubiri hadi darasa la kumi na moja ndipo ianze kuulizia skolashipu imeshaacha miaka miwili ya fedha nyuma yake, na hairudi. Kuna sharti lingine pia: mwanafunzi awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukaazi huo, ile grinikadi, baada ya kukaa nchini mwaka mmoja. Nimeona familia zikiiacha fomu hiyo kabatini kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ada ya chuo ya mtoto inaweza kuitegemea.

Ugumu wetu wa kuelewa mambo haya una chanzo. Tumetoka kwenye shule ambazo mtihani mmoja wa mwisho huamua yote. Kongo ni mtihani wa serikali, tunaouita Egzeta: unatafuta asilimia 50, ukiikosa huna diploma, na jina lako likisomwa redioni mtaa mzima unapaka unga usoni na kuimba. Tanzania ni kidato cha sita, Kenya ni KCSE. Taifa lina mlango mmoja na ufunguo mmoja. Marekani ina majimbo 50 na vyuo maelfu, na kila kimoja kina sheria yake juu ya alama zilezile. Alama 1250 za SAT, mtihani mwenzake wa ACT, zinaweza kumfutia mtoto karibu ada yote mahali fulani, zikampunguzia robo mahali pengine, na mahali pa tatu zisimpe hata dola moja ingawa chuo hicho ni tajiri kuliko vingine vyote.

Mitihani yenyewe ni miwili. SAT ilianza mwaka 1926, wakati watahiniwa walikuwa kama 8,000 tu. Aliyeongoza utungaji wake ni Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Princeton, ambaye mwaka 1923 alikuwa ameandika kitabu akidai kwamba watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini wana akili kuliko wengine. Mwaka 1930 aliandika mwenyewe kwamba hitimisho hilo halikuwa na msingi. Nawaambia vijana wetu historia hii bila kuficha. Wanapopata alama ndogo mara ya kwanza, wapo wanaodhani karatasi imepima ubongo wao. Haikupima hivyo. ACT ilizaliwa mwaka 1959 huko Iowa, kazi ya profesa E. F. Lindquist, na ililenga zaidi mambo yanayofundishwa shuleni. SAT inahesabiwa kuanzia 400 hadi 1600, na wastani wa waliomaliza mwaka 2024 ulikuwa 1024. Vyuo vingi vinapokea mtihani wowote kati ya hii miwili bila upendeleo.

Sasa turudi kwenye majimbo, maana mtoto wa Mwafrika anayeishi Georgia au Florida ana jedwali tofauti na letu. Georgia ilianzisha ufadhili wa HOPE mwaka 1993, nao pia ni fedha ya bahati nasibu. HOPE inataka GPA ya 3.0. Juu yake kuna Zell Miller, inayolipa ada yote katika vyuo vya umma, na hiyo inataka GPA ya 3.7 pamoja na SAT isiyopungua 1200. Florida ina Bright Futures tangu 1997: ngazi ya juu inataka 1340 kwenye SAT na inalipa ada yote ya chuo cha umma, ngazi inayofuata inataka 1210 na inalipa robo tatu, na zote mbili zinadai saa za kujitolea, 100 kwa ngazi ya juu na 75 kwa ile ya pili, au saa 100 za kazi ya mshahara. Louisiana ina TOPS, ambayo mlango wake wa kwanza kwa vyuo vya miaka minne ni ACT ya 20. Tennessee imefanya uungwana ambao ningependa majimbo mengine yauige: kwa ufadhili wake wa HOPE mtoto anatakiwa apate GPA ya 3.0 au ACT ya 21, moja kati ya hizo. Kijana aliyevuruga darasa la tisa kwa sababu alikuwa bado anajifunza Kiingereza anaweza kujiokoa kwa mtihani. Binti anayetetemeka kwenye mtihani anaweza kuokolewa na daftari zake.

Tazameni pengo la kule Florida. Mtoto mwenye 1200 na mtoto mwenye 1210 wametofautiana kwa alama kumi, na robo tatu ya ada ya miaka minne imekaa katikati yao. Kwa mtoto aliye karibu na mstari kama huo, kurudia mtihani ni uamuzi wa fedha. Kwa mtoto wa Kentucky anayetaka kutoka 29 kwenda 31 kwa ajili ya KEES pekee, kurudia hakuna maana, maana kilele kimeshapita.

Nje ya serikali kuna vyuo vyenyewe, na huko ndiko fedha nyingi za alama ziliko. Mzazi anapaswa kujua chuo kinapata nini kinapompa mtoto skolashipu. Bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo binafsi ni bei ya kuanzia mazungumzo. Vyuo binafsi visivyo vya faida nchini Marekani, vikijumlishwa, huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa. Vinafanya hivyo kwa sababu vinataka viti vijae, na vinataka wastani wa alama za wanafunzi wao upande, kwa kuwa orodha za ubora wa vyuo hutazama mambo kama hayo. Mtoto ambaye alama zake zinazidi za wenzake wa chuo hicho ana kitu ambacho chuo kinakitaka. Vipo pia vyuo vya umma vinavyocheza mchezo huo. University of Alabama, pale Tuscaloosa, kwa miaka mingi imetangaza jedwali la GPA na alama za mtihani pamoja na kiasi cha fedha kwa wanaotoka nje ya jimbo. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza sasa wanatoka nje ya Alabama.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: katika chuo hiki, mtoto wangu atakuwa juu au chini? Jibu linapatikana bure. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka ripoti ya takwimu inayoitwa Common Data Set. Tafuta mtandaoni jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu. Ndani yake kuna alama ambazo robo ya chini ya wanafunzi hawakuzizidi, na alama ambazo robo ya juu walizifikia au kuzipita. Kama mtoto wako ana 1250 na robo ya juu ya chuo inaanzia 1220, una sababu ya kutegemea barua yenye punguzo la maana. Kama robo ya juu inaanzia 1450, anaweza akapokelewa, lakini usitegemee zawadi kwa sababu ya mtihani. Ripoti hiyohiyo, kwenye sehemu ya misaada ya fedha, inaonyesha ni wanafunzi wangapi walipewa fedha bila kujali umaskini wao, na kwa wastani walipewa kiasi gani. Kijana mmoja wa hapa kanisani alikuwa ameandika orodha ya vyuo kumi kwa kufuata timu za mpira wa kikapu. Tulikaa na ripoti hizo mchana mzima, na mwisho wa siku orodha ilikuwa na majina ambayo hakuyajua asubuhi. Chuo kilichompa fedha nyingi kuliko vyote ni kimoja cha majina hayo mapya.

Kinyume chake ni Harvard, Yale, Princeton na wenzao wa Ivy League. Vyuo hivyo vinane havitoi ufadhili wa alama hata kidogo. Mtoto mwenye 1600 kamili hapati kitu kwa sababu ya 1600. Wanatazama mapato ya nyumbani, na familia maskini huweza kulipa kidogo sana au kutolipa kabisa. Mtihani kwao ni wa kuingilia mlangoni. Na hapo pana jambo linaloniuma.

Wakati wa Korona, mwaka 2020, vyuo vingi sana viliacha kulazimisha SAT na ACT, kwa kuwa vituo vya mitihani vilifungwa. Vyuo vya University of California viliamua kutotazama alama hizo kabisa katika kupokea wanafunzi. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na nyingine. Dartmouth ilirudi baada ya maprofesa wake wenyewe, akiwemo mwanauchumi Bruce Sacerdote, kuchunguza maombi yaliyopokelewa. Waligundua kwamba wanafunzi wa familia maskini waliopata alama za karibu 1400 walikuwa hawazitumi. Wanafunzi hao waliona kwamba wanaopokelewa wana zaidi ya 1500, wakadhani zao zitawaaibisha. Kumbe chuo husoma alama pamoja na shule mtoto alikotoka. 1400 kutoka shule ambayo wastani wake ni 950 ingekuwa ushahidi mkubwa wa kumtetea. Watoto wale walificha kitu kilichokuwa upande wao, na hakuna mtu mzima aliyekuwa karibu wa kuwaambia wasifiche.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Utafiti wa Raj Chetty na wenzake uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba watoto wa asilimia moja ya familia tajiri kabisa Marekani wana uwezekano mara 13 zaidi ya watoto wa familia maskini wa kupata 1300 au zaidi. Wenye fedha wana walimu wa binafsi, wana nyumba tulivu, wana muda. Sitamwambia mtoto aliyezaliwa kambini kwamba uwanja uko sawa. Namwambia kwamba anayesoma fomu yake anaweza kuona alikoanzia, ikiwa tu atapewa kitu cha kusoma.

Watu huniuliza pia kuhusu National Merit, kwa sababu jina lake linang'aa. Huu ni mfuko ulioanzishwa mwaka 1955, na unapita kwenye PSAT, mtihani mdogo wa Oktoba katika darasa la kumi na moja. Wanaoingia kwa mwaka ni kama milioni 1.3. Kama 16,000 hufika nusu fainali, 15,000 fainali, na karibu nusu ya hao ndio hupata ufadhili. Fedha ya mfuko wenyewe ni dola 2,500, mara moja. Ukigawanya, ni chini ya mmoja kati ya 150, na mstari wa kuvuka hutofautiana kwa kila jimbo. Raia wanaruhusiwa, na wenye ukaazi wa kudumu wanaokusudia kuwa raia. PSAT ifanywe kwa ajili ya mazoezi. Bajeti ya familia isijengwe juu yake.

Kwa familia nyingi za kwetu, fedha kubwa kuliko zote haiulizi mtihani. Inaitwa Pell, ni ya serikali kuu, na inatazama mapato ya nyumbani kupitia fomu ya FAFSA, ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Mpwa wangu, mama yake akiwa msafishaji wa hoteli mwenye watoto watano, alipata Pell kamili. Weka 1,725 za KEES juu yake unafika 9,120. Ada ya University of Kentucky kwa mkazi wa jimbo ilikuwa zaidi ya dola 13,000 mwaka huo, mbali na chakula na malazi. Kwa hiyo pengo lipo, lakini familia inaliona na inaweza kupanga. Ada ya chuo cha jamii hapa Kentucky, kile cha miaka miwili, Pell kamili inaifunika yote na kubakiza fedha ya vitabu. Ukichelewesha FAFSA hadi Machi, utakuta baadhi ya misaada ya jimbo imekwisha, kwa sababu inatolewa hadi mfuko ukauke.

Na kipo Berea. Ukitoka Lexington kuelekea kusini kwa barabara ya 75, baada ya dakika arobaini au zaidi kidogo unafika kwenye mji mdogo chini ya vilima, wenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1855 na mchungaji John Fee, mpinga utumwa, ili weusi na weupe wasome pamoja. Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi, alipata shahada yake hapo mwaka 1903. Chuo hicho hakijatoza ada tangu 1892. Kinapokea hasa watoto wa familia zenye kipato kidogo, na kila mwanafunzi anafanya kazi ya chuo angalau saa kumi kwa wiki: shambani, maktabani, kwenye karakana ya useremala, ofisini. Mtihani si lazima. Nimewapeleka vijana kukiona na nitawapeleka tena. Mama mmoja alisimama mbele ya jengo kuu akaniuliza mara tatu kama ni kweli ada ni sifuri, kisha akaanza kumpigia simu mume wake.

Sasa mtihani wenyewe, kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne. SAT ya sasa inafanywa kwenye kompyuta kwa saa 2 na dakika 14. Nusu ya alama ni hesabu, na kikokotoo kimo ndani ya programu yenyewe. Kwa watoto wetu hesabu ndiyo ngome. Mvulana aliyesoma aljebra kwa Kifaransa chini ya paa la turubai anaijua aljebra. Anachohitaji ni kuzoea namna swali linavyoulizwa. Upande wa kusoma, vifungu virefu vya zamani vimeondolewa. Sasa ni aya fupi, kila moja na swali lake, na huyo ambaye angepotea katikati ya kurasa mbili anaweza kupumua na kuanza upya. Wanaojifunza Kiingereza wanaweza kuombewa muda wa ziada na kamusi ya neno kwa neno pale mtihani unapofanyika shuleni siku ya masomo. Anayeomba ni shule. Mzazi aende kwa kaunsela miezi kadhaa kabla, amuulize wazi, na kama ana wasiwasi na Kiingereza chake aombe mkalimani. Shule inatakiwa kumpatia.

Malipo ya SAT yalikuwa dola 68 mwaka 2024–25, lakini mtoto anayestahili chakula cha bure shuleni halipi. Anapewa msamaha wa ada wa kufanya SAT mara mbili, kutuma alama vyuoni bila malipo, na vyuo vingi vinamsamehe ada ya maombi pia. Mazoezi yapo bure: Khan Academy imekuwa ikishirikiana na watunzi wa SAT tangu 2015, na programu ya Bluebook, ambayo ndiyo ya mtihani halisi, ina mitihani mizima ya kujipima. Vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama zilipatikana siku tofauti. Basi mtu akikupigia simu akidai dola mia mbili ili "akuhakikishie" skolashipu, kata simu. Hakuna mfuko wa kweli unaouza nafasi.

Ndugu zetu walioko Kigoma, Nairobi au Mombasa wanaoniandikia, hali yenu ni nyingine. KEES, Bright Futures na National Merit haziwahusu, kwa sababu ya uraia na ukaazi. Njia zenu ni vyuo vyenye fedha za kufadhili wageni. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hupokea mwanafunzi wa nje bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha huziba pengo lote. Huko alama za juu zinakuweka kwenye meza pamoja na maelfu wengine wenye alama hizohizo. Kenya ina mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners pamoja na Mike Boit, mkimbiaji wa zamani wa Olimpiki. Huchukua vijana wa familia maskini waliofanya vizuri sana KCSE, huwaandaa kwa SAT, na huwaongoza kwenye maombi. Vituo vya EducationUSA vinavyoungwa mkono na serikali ya Marekani hutoa ushauri bure. Nendeni huko kabla ya kulipia mtihani, maana mtahiniwa wa nje hulipa zaidi ya dola mia moja, na msamaha wa ada hana.

Kuna sehemu moja ambayo haipo kwenye barua ya pongezi, au ipo kwa herufi ndogo. Karibu kila ufadhili wa alama una GPA ya kuushikilia chuoni. KEES yenyewe hupungua au hukatika wastani ukishuka. Watoto wetu wanaingia chuo huku wakifanya kazi, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri na bibi yuko Nyarugusu anangoja fedha ya dawa. Ghalani kwetu nakutana nao saa nane za usiku, wamevaa fulana za chuo, na saa tatu asubuhi wana somo la kemia. Kijana mmoja mwenye ufadhili mzuri alipoteza wake mwisho wa mwaka wa kwanza. Mshahara wake wa miezi tisa ya zamu za ziada ulikuwa mdogo kuliko fedha iliyokatika.

Nilikaa na wazazi wake na karatasi, tukaziweka hesabu zote mbili sambamba. Mama yake aliniuliza kwa nini hakuna aliyewaonyesha hivi mwaka uliopita. Chuo kilikuwa na utaratibu wa rufaa. Tuliandika barua, tukaambatisha ratiba ya kazi, na kijana akapewa muhula mmoja wa kurudisha wastani. Baba yake amechukua Jumapili ya ziada ili mwanawe afanye kazi siku mbili tu kwa wiki hadi Desemba. Matokeo yatatoka kabla ya Krismasi.